Stendi za Kale za Ngoma: Miguu Bapa, Bamba Moja au Mabamba Mawili?

Seti ya ngoma ya miaka ya 1960 inapouzwa leo, ngoma zenyewe kwa kawaida hujitambulisha kwa beji zilizopigiliwa ubavuni, ilhali stendi zinazoandamana nazo hazina jina wala namba. Miongo sita inatosha kwa stendi ya awali kuvunjika, kuuzwa peke yake au kusahaulika ukumbini baada ya onyesho, na nafasi yake kujazwa na stendi yoyote iliyokuwa karibu. Mnunuzi hujikuta na maswali mawili kwa pamoja: chuma hiki ni cha aina gani na cha wakati gani, na je, kitabeba matoazi na ngoma nilizo nazo?

Ulinganisho huu unazigawa stendi za kale katika makundi matatu kwa kufuata muundo wa miguu, si jina la kiwanda. Ziko stendi za miguu bapa, ambazo miguu yake hulala sakafuni. Ziko za bamba moja, ambazo miguu yake mitatu husimama kwa mshazari na kila mguu hukazwa na kipande kimoja cha bamba. Na ziko za mabamba mawili, ambazo kila mguu umeundwa kwa vipande viwili sambamba. Jina la kiwanda si msingi mzuri wa mgawanyo, na sababu yake ni ya kihistoria: kampuni ya Walberg & Auge ya Worcester, Massachusetts, ilitengeneza vyuma vilivyouzwa na kampuni kadhaa kubwa za ngoma za Marekani chini ya majina yao wenyewe. Stendi ya snea (ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake) iliyozoeleka kwa jina la Buck Rogers, kwa mfano, ilitoka kwao, na mtu anaweza kuikuta pamoja na seti za kampuni zaidi ya moja bila yeyote kuwa amefanya udanganyifu. Anayeuliza “hii ni ya nani?” mara nyingi atapata majibu mawili au matatu yaliyo sahihi.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vinne kwa makundi yote. Cha kwanza ni urahisi wa kuitambua stendi na kukadiria umri wake. Cha pili ni uthabiti ukilinganishwa na uzito, kwa kuwa mpiga ngoma ndiye hubeba vyuma hivi ngazini. Cha tatu ni hesi (mikato ya mzunguko kwenye bolti na nati) na vipuri, yaani kama nati, fimbo na viungo vinaweza kupatikana au kubadilishwa. Cha nne ni kasoro ambazo umri huleta, na iwapo zinarekebishika. Mwonekano sikuufanya kigezo, ingawa najua kwamba wengi huanza nao.

Kutambua

Stendi ya miguu bapa hutambulika kwa mbali. Miguu mitatu hulala sakafuni karibu kwa urefu wake wote, na vyuma vyembamba hupanda kwa mshazari kutoka miguuni hadi kwenye pete inayoteleza juu ya bomba. Ludwig, Slingerland na Gretsch za Marekani ziliuza stendi za namna hii kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, na Premier ya Uingereza, iliyohamia Leicester wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na za kwake. Tatizo ni kwamba muundo huu umerudi. Ludwig inauza stendi mpya za miguu bapa katika mfululizo wa Atlas Classic, na DW na Gibraltar nazo zina zao, kwa hiyo umbo peke yake halithibitishi umri. Hata jina la Atlas halithibitishi, kwa sababu Ludwig ililitumia zamani na imelirudisha. Tazama ndani ya viungo: stendi mpya huwa na bushi (pete ya ndani ya kuzuia msuguano) ya plastiki pale bomba dogo linapoingia katika bomba kubwa, wakati stendi ya kale hukazwa chuma juu ya chuma, na bolti ya mabawa huacha alama za kuchimba kwenye bomba la ndani. Alama hizo zinazomkera msafishaji ni ushahidi mzuri kwa mtambuzi.

Kundi la bamba moja ndilo gumu zaidi kulipangia tarehe, kwa sababu lilianza mapema, likadumu muda mrefu, na bado linatengenezwa kwa ajili ya seti za bei nafuu. Hapa msaada hutoka kwenye viungo kuliko miguu. Kampuni ya ngoma ya Rogers, wakati ikiwa Covington, Ohio, nchini Marekani, ilileta mwanzoni mwa miaka ya 1960 mfumo wa Swiv-O-Matic uliobuniwa na Joe Thompson, wenye tufe linalozunguka ndani ya kikombe na fimbo ya pande sita isiyoweza kujizungusha. Mfumo huo ulipendwa kiasi kwamba wapiga ngoma walitoboa ngoma za kampuni nyingine ili kuufunga, jambo ambalo wakusanyaji wa leo hulitazama kwa huzuni. Premier nayo ilitumia majina ya Lokfast na baadaye Trilok. Kichwa cha kuinamishia toazi ni kidokezo kingine: vichwa vingi vya zamani vina meno yanayoshikana, tena meno makubwa yenye hatua chache, na si ule mfumo usio na meno unaoonekana kwenye stendi nyingi za sasa.

Stendi za mabamba mawili ni rahisi kuzitambua, na kwa kiasi kikubwa ni za katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea. Muziki ulikuwa umeongezewa sauti kwa vikuza sauti, matoazi yalikuwa makubwa na mazito zaidi, na wapiga ngoma walitaka kuyaweka mbali na juu. Rogers, ambayo CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, iliinunua mwaka 1966, ilitoa mfumo wa MemriLoc wenye mabomba manene na pete za kukumbuka urefu, ambazo hufungwa kwenye bomba ili stendi irudi palepale kila inapounganishwa upya. Ludwig ilikuwa na Hercules. Tama ya Japani, iliyoanza kutumia jina hilo mwaka 1974, ilijenga sifa yake juu ya stendi za Titan zenye bushi za nailoni na mkono wa kutandaza toazi pembeni. Sonor ya Ujerumani ilikuwa na zake, nzito mno, zilizotengenezwa kwa uangalifu ambao hata asiyezipenda huukubali. Katika kundi hili majina huwa yamechorwa au kubandikwa waziwazi, na nadra mtu hubaki gizani.

Kipimo kimoja hutumika kwa makundi yote, nacho ni metali. Kromu ina mng'ao wenye weupe unaokaribia ubuluu, na nikeli ina ujoto wa manjano unaoongezeka kadiri inavyofifia. Stendi iliyopakwa nikeli juu ya shaba ya njano yaelekea kuwa ya zamani zaidi, kwani kromu ilienea katika vyuma vya ngoma kuanzia miaka ya 1930 na kutawala baada ya vita. Sumaku husaidia: hushika chuma kwa nguvu, ila kwenye shaba huteleza au hushika kidogo tu kwa sababu ya nikeli iliyo juu. Kutu nyekundu maana yake ndani kuna chuma. Ukungu wa kijani maana yake ni shaba. Kipindi cha kuanzia 1942 kina upekee wake, kwa kuwa serikali ya Marekani ilizuia matumizi ya metali muhimu katika ala za muziki, na ndiyo sababu kuna ngoma za miaka hiyo ambazo hata vishikizo vya kukazia ngozi ni vya mbao.

Uthabiti na uzito

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa na macho, kwa hiyo nitakaa zaidi. Watu hudhani kwamba mabamba mawili huizuia stendi kuanguka. Sivyo. Mabamba mawili huukaza mguu usipinde wala kutetemeka, lakini kuanguka au kutoanguka huamuliwa na jambo jingine, yaani iwapo mstari wa uzito wa stendi pamoja na toazi lake unashuka ndani ya pembetatu inayoundwa na ncha za miguu mitatu. Stendi nyepesi iliyotandazwa vizuri, ikiwa na toazi moja kwa moja juu ya bomba, inaweza kuwa imara kuliko stendi nzito ambayo miguu yake imefungwa nusu na mkono wake umenyooshwa kuelekea mwanya kati ya miguu miwili. Kanuni ya kuelekeza mguu mmoja chini ya mkono wa pembeni inafaa kila kundi, na imeokoa matoazi mengi.

Stendi ya miguu bapa ya toazi huwa na uzito wa kilo 2 hivi, wakati mwingine pungufu. Kwa kuwa miguu yake haichukui nafasi ya juu, hupenya chini ya miguu ya stendi jirani na hukaa karibu na pedali ya besi bila kugombana nayo, faida ambayo mwenye jukwaa dogo ataithamini upesi. Ilibuniwa kwa matoazi ya wakati wake: toazi la inchi 18 au 20, la unene wa wastani, lililowekwa chini na karibu na mpigaji. Katika hali hiyo haina tatizo lolote. Mpe mpigaji mwenye nguvu toazi zito la inchi 22 na bomba lililovutwa hadi mwisho, na pigo la pembeni litaitikisa, kwa sababu kani ileile ikipigwa juu zaidi huzaa mzunguko mkubwa zaidi miguuni. Sakafu isiyo sawa pia huionea, maana mguu unaolala hauna nafasi ya kujirekebisha.

Ya bamba moja hukaa katikati, na kwa maoni yangu haithaminiwi inavyostahili. Miguu yake hutandazwa kwa upana au kufungwa kadiri ya nafasi, huvumilia sakafu mbaya, na uzito wake hauchoshi. Udhaifu wake ni kutetemeka kwa bomba la juu linapokuwa jembamba, hasa katika stendi za bei nafuu za miaka ya 1960 ambazo bomba la tatu halikuwa nene kuliko kidole. Rogers na Premier nzuri za kundi hili hazina udhaifu huo kwa kiwango cha kuudhi.

Stendi ya mabamba mawili yenye mkono wa pembeni huvuka kilo 4 kwa urahisi. Itabeba toazi lolote lililowahi kutengenezwa kwa matumizi ya kawaida, itafika juu, na itakaa ilipowekwa. Gharama yake hulipwa na mgongo: stendi nne pamoja na ya hai-hati (matoazi mawili yanayogonganishwa kwa pedali) na ya snea hujaza mfuko ambao mtu mmoja hawezi kuubeba bila kupumzika. Miguu yake hudai nafasi kubwa, na stendi tatu za namna hii zikisogezwa karibu hushikana kama matawi ya mchongoma.

Hesi na vipuri

Kasoro za sura husameheka. Hesi isiyolingana huifanya stendi kuwa pambo. Vyuma vya kale vya Marekani vilikatwa kwa vipimo vya inchi, vya Ujerumani na Japani kwa milimita, na Premier ya zamani ilifuata viwango vya Uingereza ambavyo si vile vya Marekani. Hatari hutokea pale vipimo viwili vinapokaribiana. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo nati ya milimita 8 huingia bila kulalamika. Lakini hesi yake ina mizunguko 18 kwa inchi, sawa na milimita 1.41 kwa kila mzunguko, wakati hesi ya kawaida ya milimita 8 husonga milimita 1.25. Nati huzunguka mara mbili tatu, hukaza, na anayetumia nguvu wakati huo huharibu vyote viwili. Robo inchi na milimita 6 nazo hazilingani: ya kwanza husonga milimita 1.27 kwa mzunguko na ya pili milimita 1. Anayekwenda kukagua stendi achukue nati zinazojulikana vipimo, azijaribu kwa vidole tu, na aache mara moja zinapokataa.

Kwa miguu bapa na bamba moja za Marekani, nati za inchi hupatikana katika duka lolote linalouza bolti za mfumo huo, jambo linalozifanya zisiwe ngumu kuzitunza kama zinavyodhaniwa. Kigumu ni sehemu maalumu: pete ya kuteleza, kichwa chenye meno, au fimbo ya ndani ya hai-hati ambayo hesi yake ya chini lazima ilingane na kiungo cha pedali. Rogers ina neema na adha kwa pamoja, kwa kuwa fimbo ya pande sita haibadilishwi na fimbo ya duara ya kampuni nyingine, ingawa wapenzi wa Rogers ni wengi na vipuri huzunguka miongoni mwao. Premier humtaka mwenye subira. Stendi za mabamba mawili za Japani ndizo rahisi kuliko zote, kwani hesi zake za milimita zinaendana na nati, vifuniko na bushi zinazotengenezwa hadi leo. Sonor ni ya milimita pia, ila sehemu zake nyingi ni za kwake peke yake.

Kitu kimoja kidogo kinachosahauliwa ni mpira au plastiki inayofunika fimbo pale toazi linapokaa. Stendi nyingi za kale hufika bila kifuniko hicho. Chuma kitupu kikisuguana na tundu la toazi hulichimba hadi liwe refu upande mmoja, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya stendi yenyewe. Pima kipenyo cha fimbo kabla ya kununua kifuniko, kwa sababu fimbo ya robo inchi hulegea ndani ya kifuniko cha milimita 8.

Kasoro za umri

Katika miguu bapa, angalia ribiti (pini za chuma zilizopigiliwa) zinazounganisha vyuma vya mshazari na miguu. Zikilegea, stendi huyumba hata ikikazwa, na kupiga ribiti mpya kunahitaji fundi. Vyuma hivyo ni vyembamba na hupinda stendi inapokanyagwa. Kuvinyoosha kunawezekana mara moja, ila mara ya pili huvunjika. Katika bamba moja, kasoro ya kuogopwa ni ufa kwenye kiungo cha kumimina kinachobana bomba, ambacho mara nyingi ni cha aloi ya zinki na hakichomelewi kwa njia za kawaida. Ufa mdogo pembeni mwa tundu la bolti utaendelea kukua kila stendi inapokazwa. Mabamba mawili huugua ugonjwa huohuo kwenye viungo vikubwa zaidi, na juu yake bushi za nailoni hupasuka au kupotea, pete za kumbukumbu hazionekani tena, na meno ya mkono wa pembeni hulika kwa sababu ya kubeba uzito mkubwa kwa miaka.

Kutu ya juujuu kwenye kromu isimtishe mtu. Karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji huisugua bila kuikwaruza sana, ingawa vishimo vilivyokwisha kuingia havitajazika. Nikeli ni laini zaidi, na anayeisugua kwa nguvu huifikia shaba mapema kuliko alivyotarajia.

Stendi za snea zina swali la ziada, nalo ni kina cha ngoma. Mikono ya nyingi za kale ilipimwa kwa ngoma ya inchi 14 yenye kina cha inchi 5 hadi 6.5, na baadhi haziteremki vya kutosha kwa ngoma yenye kina kirefu au kwa mpigaji anayeketi chini. Za miguu bapa kwa kawaida huteremka zaidi, nazo za mabamba mawili mara nyingine huzuiwa na unene wa miguu yake yenyewe.

Uchaguzi kwa kila hali

Anayerejesha seti ya Marekani ya miaka ya 1950 au 1960 katika hali yake ya kwanza hana sababu ya kutafuta nje ya miguu bapa na bamba moja, na atafute stendi isiyo na jina kwa bidii ileile anayotafutia yenye jina, mradi viungo na metali vikubaliane na kipindi. Kama seti yake ni ya Premier, anunue stendi ya Premier iliyo kamili hata kama kromu yake imechoka, kuliko stendi inayong'aa iliyopungukiwa nati mbili.

Mpiga jazi, au mtu yeyote anayepiga kwa sauti ya wastani na kubeba vyombo vyake mwenyewe, atahudumiwa vyema na miguu bapa, na asione aibu kuchukua stendi mpya za muundo huo kwa kazi za kila wiki huku za kale zikibaki nyumbani au studio. Anayepiga katika kumbi zenye sakafu za kila namna, kwa matoazi ya ukubwa wa kati, ataona kuwa bamba moja iliyotengenezwa vizuri inamtosha, na bei yake mara nyingi ni ndogo kwa sababu wakusanyaji hukimbilia kwingine.

Mwenye matoazi mazito ya inchi 20 na kuendelea, anayeyaweka juu au pembeni, achague mabamba mawili. Titan, MemriLoc, Hercules au Sonor, kwa kutazama kwanza hali ya viungo na kisha jina. Asiye na gari, au anayepanda ngazi kila mara, anaweza kuchanganya: stendi moja ya mabamba mawili kwa toazi kubwa, na nyepesi kwa mengine. Wapiga ngoma wa miaka ya 1970 walifanya hivyohivyo, kwa hiyo mchanganyiko huo hauisaliti seti ya kipindi hicho.

Kwa hai-hati ushauri hubadilika kidogo, kwa kuwa hapo mwendo wa pedali huja mbele ya uzito. Stendi ya kale ambayo springi yake ni hai, fimbo yake haijapinda na mnyororo au ukanda wake wa kuvutia haujachoka, ichukuliwe hata kama miguu yake ni miembamba. Ile ambayo fimbo yake hukwaruza bomba inaposhuka iachwe, isipokuwa muuzaji amekubali kuifungua mbele ya mnunuzi ili hesi ya chini ionekane.